Wapangaji Wako, Wenseslaus

Mwaka umezunguka, Baba Brenda, tangu tukukute umelala kwenye banda la kukobolea kahawa, macho yamefumbwa, mikono imewekwa kifuani, na chini ya kichwa chako sweta la kijivu limekunjwa vizuri. Daktari alisema ni moyo. Moyo tumeukubali. Lakini sweta halikuwa lako, na mtu anayekufa kwa moyo hajifumbi macho wala hajikunjii sweta la mwingine. Kuna mtu alikuwa na wewe, akaondoka bila kutuambia. Huyo mtu nimemtafuta mwaka mzima.

Brenda, binti yako, ambaye ndiye anaandika haya mimi nikisema, ananiambia tangazo la kumbukumbu huwa na picha na mistari michache ya upendo. Upendo upo, atauona. Ila wewe unanijua. Mimi simezi jambo ambalo sijalitafuna.

Ulikuwa mpole hadi unaudhi. Ng'ombe akikupiga teke unamwuliza kama ameumia. Ujana wako wote ulibeba mizigo ya wageni mlimani, na hukurudi na majivuno, ulirudi na tabia moja tu, ya kupindua magogo. Ulikuwa umembebea masanduku mtafiti wa wadudu, akakufundisha kutazama, basi ukaharibika. Kila kisiki lazima ukichungulie. Hapa Kilema hakuna familia iliyochelewa misa ya kwanza kwa sababu ya visiki kama sisi.

Ndipo ukampata yule buu, ndani ya shina la mbuni lililoliwa na bungua. Bungua tunamjua sote wenye vihamba vya kahawa na migomba, yule mweupe mnene anayetoboa kahawa tokea chini na kuacha unga wa mbao kama fundi seremala. Bwana shamba alisema ng'oa, choma. Uling'oa, ukachoma, na mashina machache ukayaficha. Niliyaona. Ukaniambia kwamba ndani ya shimo la bungua umekuta buu mwingine, ambaye hakuchimba kitu, ameingia tu, amemla mwenye nyumba na kukaa. Ukamwita Mpangaji. Nikakwambia mpangaji wa namna hiyo hata Moshi mjini hayupo.

Kwa faida ya wanaosoma nitamweleza alivyo, na kama una la kusahihisha, umechelewa. Buu huyu ana urefu wa pingili moja ya kidole, mwembamba, na rangi yake ni waridi iliyochujuka kama gauni lililofuliwa mno. Kichwa chake ni kigumu, cha kahawia, bapa, na taya zake hukutana kama koleo. Ana miguu sita mifupi karibu na kichwa, kisha mwili wote unafuata, ubavuni una vinyweleo virefu ambavyo ulisema ndivyo vinavyomwambia ukuta uko wapi kwenye giza. Mkiani ana kulabu mbili zilizopinda kwenda juu. Kwa hizo anajikaza ndani ya shimo na kurudi kinyumenyume bila kugeuka. Mimi kiumbe kinachorudi nyuma bila kugeuka sikiamini.

Hana mbio. Anafuata unga wa mbao, anagusa, anasimama, anagusa tena, halafu anamwanzia bungua mkiani, mahali ambapo mwenzake hawezi kujigeuza. Jioni mwanga ukififia anatoka shimo moja na kutambaa juu ya gome kwenda jingine. Akishakua anajichongea chumba, anakitandika kwa mate meupe yanayokauka kama karatasi, anajifungia humo awe mbawakawa. Mtafiti wako alipotumiwa picha kwa simu ya Brenda alisema mbawakawa wa jamii hiyo wameonekana wachache sana, buu wao hajulikani na mtu, na usubiri mmoja atoke ndipo waamini kuwa ndiye. Ukasubiri. Uliondoka bado hajatoka hata mmoja.

Sasa tufike kwenye yetu. Kila jioni baada ya kukamua ulichukua kopo lako la bungua ukashuka bandani. "Wapangaji wanakula kila jioni," ulisema. "Nisipowapa watalana." Unarudi huna harufu ya pombe ya mbege, huna jasho, na uso umetulia kama mtu aliyechekeshwa mahali. Nikajiuliza, mwanamume mzima anachekeshwa na mabuu? Na ng'ambo ya mfereji, chini kidogo ya banda, ndiko kwa Margareta muuza mbege, mjane mwenye sauti ile ya kwaya. Niliweka akilini.

Ulipozikwa nikashuka bandani mwenyewe. Tundu la wavu lipo, mashina yapo ndani yake, wapangaji wapo. Na vigoda viwili, kimoja kila upande wa tundu. Mtu mmoja na vigoda viwili. Sweta nikalifungia kabatini, nikatangaza kwamba wadudu wa marehemu nitawalisha mimi. Wanajumuiya wakanisifu, wakasema mjane anaenzi kazi ya mumewe. Sikuwa naenzi, nilikuwa nachunguza. Kama wapangaji kweli wanakula kila jioni, ulikuwa unasema kweli. Kama hawali, basi lile kopo lilikuwa kisingizio.

Hawakula. Niliwawekea bungua wanono, wakawagusa kwa kichwa na kuwapita kama wageni walioshiba kwa jirani. Kesho yake vivyo hivyo, na wiki iliyofuata vivyo hivyo. Nililia, Baba Brenda. Nililia kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi nilikuwa na mume mwaminifu.

Tangu hapo salamu ya Margareta sikuitikia. Sala ya jumuiya ilipohamia kwangu nilimpa chai ya mwisho, imepoa. Akanifuata jikoni.

"Mama Brenda, nimekukosea nini?"

"Wewe ndiye unayejua."

"Mbona sijui?"

"Basi ukijua uje uniambie."

Akaondoka anatikisa kichwa, nami nikaona jinsi anavyojua kuigiza.

Lakini mabuu walinisumbua. Walikuwa wananenepa. Mmoja alijivua ngozi, akatoka amekuwa mkubwa zaidi, taya zinang'aa. Kiumbe kisichokula hakinenepi, hilo halihitaji mtafiti. Nikaanza kuwashuku wao pia, kisha nikashuka ngazi moja zaidi ya shaka: kuna mtu anawalisha kabla yangu. Siku iliyofuata sikusubiri jioni. Nilishuka jua likiwa bado kali, nikakaa nyuma ya mashine ya kukobolea, kimya, na fagio mkononi nikimngoja Margareta.

Aliyeingia ni Melkior.

Wasiotufahamu wajue kwamba Melkior ni mdogo wako wa tumbo moja, na kihamba chake kinapakana na chetu. Alihamisha masale ya mpaka, mimea aliyoipanda babu yenu, akajiongezea mstari mzima wa migomba. Kwetu huku hilo halina utani. Baadaye akaja na jani la isale kuomba msamaha. Anayelipokea hana budi kusamehe, kwa hiyo nilipomwona anakuja nalo nikaingia zizini, nikakaa na ng'ombe hadi alipoondoka. Nikakwambia mguu wake usikanyage kwangu na wako usikanyage kwake. Ulinyamaza, nikadhani umekubali. Siku ya kukuzika alisimama ng'ambo ya masale bila kuvuka, nami nikamwambia Brenda, "Mwone, amekuja kuhakikisha."

Sasa nilimwona ameshika kopo, anafungua tundu kama mwenye nyumba. Nikasimama. Kopo likamponyoka.

"Shikamoo, shemeji."

Sikuitikia. "Unafanya nini humu?"

"Nawalisha. Kaka alikuwa anawapa kila siku. Nikaona wasife."

"Nilisema usikanyage kwangu."

"Sijakanyaga, shemeji. Banda hili mzee alilijenga juu ya mpaka, nusu kwenu, nusu kwetu. Kigoda changu kilikuwa upande wangu, na kaka alikaa upande wake. Tulikuwa tunaongea tu."

Nikatazama sakafu. Mpaka unapita pale pale kwenye tundu.

"Sweta ni la nani?"

Akainama kuokota kopo. "Langu."

Akaniambia jinsi ulivyosema kifua kinabana kama umebeba mzigo wa mlimani, ukajilaza upande wako. Alivua sweta akakuwekea. Ulimwambia wapangaji bado hawajala, na aanze na yule mwenye kulabu iliyovunjika, maana ni mnyonge, wenzake humtangulia. Alipomaliza kumpa, alikuta hupumui. Akakufumba macho. Akapanda njiani akapiga yowe, na kabla watu hawajafika akaenda kujifungia kwake.

"Kwa nini hukuja nyumbani?"

"Ningekuja niseme nini? Mimi ndiye wa kesi ya mpaka. Nakutwa peke yangu na maiti ya kaka, ungeniambiaje?"

"Ningesema umemuua."

"Ndiyo hiyo, shemeji."

Kwenye ukuta, juu ya tundu, palikuwa na jani la isale limekauka, limechomekwa kati ya mbao. Nilikuwa nimeliona mara nyingi, nikadhani umefukuzia nzi. Nikamwuliza ni la lini.

"La siku ile ulipoingia zizini. Kaka alilipokea kwa mikono miwili."

Sikumwamini palepale, na hungenitegemea nimwamini. Nilimwongoza mpaka nyumbani, nikatoa sweta kabatini, nikamwamuru avae mbele ya Brenda. Likamkaa. Nikakagua viwiko. Nikamwuliza tena habari ya kulabu, nikitafuta mahali atakapokosea, naye hakukosea. Yupo buu mmoja mwenye kulabu iliyovunjika, ya kulia, na mimi sikuwa nimemwambia mtu. Kesho yake nikamkataza asiwalishe. Jioni nikashuka na bungua wangu, na wapangaji wakala wote, wakamaliza, wakatafuta tena.

Kwa hiyo ulisema kweli. Wanakula kila jioni. Ulichoacha kusema ni kingine, na hicho sijamalizana nawe.

Margareta nimemsalimia. Aliponiuliza kulikuwa na nini, nikamwambia nilikuwa na mambo yangu. Amenitazama kwa jicho ambalo silipendi, lakini nimelistahili kidogo.

Juzi Melkior aliniita kutoka chini, nikaenda. Chumba cha karatasi kilikuwa kimetobolewa, na juu ya gome amesimama mbawakawa mwembamba, mweusi, mwenye vinyweleo na mkanda mwekundu mgongoni, anajaribu mabawa kama mtu anayepima koti jipya. Upande wangu nilikuwa simwoni vizuri. Nikazunguka tundu, nikakaa kwenye kigoda cha upande wa Melkior. Tukamtazama wote wawili. Nilikuonea huruma sana, Wenseslaus, kwamba hukumwona. Picha tumemtumia mtafiti wako. Bado hajajibu, na nashuku anatafuta namna ya kusema amemgundua yeye.

Isale sijapokea, watu wasinisemee. Melkior hajalileta tena na sijamwambia alilete. Ila nikiona mtu anakuja nalo, zizini siendi.

Pumzika, Baba Brenda. Nilichokuwa nakililia zaidi ni kudhani kwamba ulikufa na mtu aliyekukimbia. Maisha yetu yote yaliyobaki hutatoka mioyoni mwetu. Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Winfrida, na watoto wako Brenda na Jovin. Brenda ameinua kalamu ananiuliza kama tuishie hapo. Nimemwambia ongeza: na mdogo wako Melkior, aliyekuwa na wewe.