Salamu za Arobaini Yako

Fundi wangu Sudi,

Lala pema huko uliko. Sisi huku hatulali vizuri, lakini nitaanza na mambo uliyoyapenda, maana nikianza na siasa utanigeuzia mgongo hata kaburini.

Timu yetu imefungwa tena. Kipa ni yuleyule uliyesema anadaka mpira kama anapokea mtoto mchanga wa jirani. Televisheni ya Kassimu bado iko pale mgahawani kwake, juu ya friji ya soda, na msomaji wa habari bado anasoma kama kuna mtu amesimama na fimbo nyuma ya kamera. Unakumbuka siku uliyomwambia Kassimu azime sauti, ukawasha kaseti yako? Mawaziri wakawa wanakata utepe na kupeana mikono huku saksafoni inawacheka. Mgahawa mzima ulicheka, na mimi chai ilinitokea puani.

Cherehani yako naitumia mimi, Zaina, mwanafunzi wako mkaidi. Nimehamia pale kwako mlangoni, panapotazama uchochoro. Usinune basi. Ile yangu ilikuwa inakata nyuzi, wewe mwenyewe unajua.

Kanda zako zipo zote, zile alizokuachia yule Mzungu wa mradi wa maji aliporudi kwao vita vilipoanza. Jazi yenyewe, ya saksafoni, siyo ya bendi za dansi; mtu akichanganya hivyo viwili ulikuwa unaweka mkasi chini kabisa ili umpe somo. Mimi niliyekuwa nasema muziki usio na maneno ni chai isiyo na sukari, sasa ndiye ninayezipiga kila Jumapili baada ya adhuhuri. Ndiyo, umeshinda. Usijivune.

Na sheria yako tuliishika. Upande wa kwanza wa kaseti watu wote kimya. Ukigeuza, kila mtu aseme analotaka: mpira, sinema, Rais, vyama. Tulibaki watatu. Mimi, Kassimu, na Placide, karani wako wa wizara kule Kacyiru, aliyekuja siku moja kupunguza mikono ya koti, akasikia kanda, akaketi, na hakuondoka tena. Ninyi wawili mlibishana miaka miwili kama ni ngoma au ni bezi inayoongoza bendi. Bado anasema ni ngoma. Bado amekosea.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie.

Ile redio mpya unaikumbuka. Ulikuwa umeshalala kitandani ilipoanza kushika mji, na Kassimu alikuletea karedio kake ili uchangamke. Ulisikiliza magitaa yale ukiwa umefumba macho, kisha ukaniuliza, "Zaina, hawa watu muziki wao ni mzuri sana. Mbona ni mzuri hivi?" Nilidhani ni homa. Sasa kila duka wanaifungua, kila teksi, hata wenye akili zao. Wanakuja kwa ajili ya wimbo, halafu wimbo ukiisha wanabaki kusikiliza matusi juu ya kabila la kina Placide, warefu, nyoka.

Kassimu aliwatumia salamu.

Usimlaani, Fundi. Wewe unamjua Kassimu na salamu zake. Miaka yote hiyo, harusi, tohara, Idi, hata mbuzi wa dada yake alipozaa mapacha, alipeleka salamu redioni. Ilipokaribia arobaini yako akaona marehemu hawezi kupita hivihivi. Hakutuambia, alitaka kutushangaza. Jumapili ile tumeketi dukani, kanda imefika mwisho, akaniomba niwashe redio. Alikuwa anatabasamu kama bwana harusi.

Likasomwa jina lako. Marehemu Fundi Sudi wa Biryogo, anakumbukwa na wapenzi wake wa jazi wanaokutana dukani kwake kila Jumapili, Kassimu wa mgahawa, Zaina fundi, na Placide wa wizarani Kacyiru. Kassimu alikuwa ameshaanza kupiga makofi. Yule mtangazaji akacheka, kile kicheko chake cha kirafiki. Akasema, "Placide? Huyo mrefu? Kumbe siku hizi nyoka wanajificha kwa mafundi wa nguo. Asanteni kwa kutuonyesha. Tutapita tumsalimie." Akaweka wimbo. Wimbo mzuri, Fundi, na mimi nilishindwa hata kunyoosha mkono niuzime.

Placide ndiye aliyecheka wa kwanza. "Sasa niko mtu mkubwa, sha," alisema, kwa ile "sha" yake ya kumwita kila mtu rafiki. Kassimu akalia, mwanaume mwenye ndevu zile, analia mbele ya soda zetu.

Wiki hiyohiyo wakaja wawili. Mashati ya kitambaa cha chama, kola zimeshonwa ovyo, nikajua si kazi ya mtaani kwetu. Mmoja akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama, ule mrefu wa Kacyiru iko anakuja siku gani?" Nikamwambia anakuja nguo zake zikichanika. Akatazama kanda zako rafuni, akachukua moja, akaigeuza, akairudisha pale pale. "Tutarudi siku ya muziki," akasema. Nilishona mfuko wa suruali nje ndani siku ile, na mteja aliupokea hivyohivyo, maana alikuwa ameketi pale anasikia.

Nikaenda Kacyiru. Nilivaa futi shingoni, kama ulivyonifundisha, kwamba fundi mwenye futi shingoni haulizwi popote anakwenda kwa nani. Nikampima Placide palepale kwenye korido ya ofisi yao, matarishi wanapita na mafaili, mimi nanong'ona huku natangaza kwa sauti, "Bega la kushoto limeshuka!" Nikamwambia asije tena. Nikamwambia achukue mkewe na watoto aende popote. Akasema akikosa kazini siku moja tu, bosi wake atajua, na vijana wa vizuizi vya barabarani watajua kabla ya bosi. Barabara zote zina macho. Nilimkasirikia sana. Nilimpima mabega mara ya pili ili nipate muda wa kumtukana vizuri. Hapo ndipo nikahisi yanatetemeka chini ya futi yangu.

Akasema, "Zaina, chukua wasichana."

Mama yao, Odette, aliwaleta mwenyewe, wameambiwa wanakuja kupimwa magauni. Mkubwa ana miaka kumi, mdogo sita. Aliwabusu haraka haraka, kama mtu anayewahi sokoni, akaondoka bila kutazama nyuma. Mimi ndiye niliyemtazama mpaka akakunja kona ya msikiti.

Walikuwa na siku chache tu kwangu mkuu wa mtaa alipokuja na wale wawili. Uchochoro wote ukatoka nje, unawajua watu wetu. Akaniuliza, "Hawa watoto ni wa nani?" Na wewe unajua swali hilo nchi hii lina maana gani. Mtoto hana kitambulisho. Mtoto anahesabiwa kabila la baba yake. Niliangalia zile kola mbaya, nikaangalia wale watoto wameshikana mikono, na kichwani mwangu halikuja jina la mwanaume yeyote aliye hai ambaye ningeweza kumtia hatarini.

Nikasema, "Wa marehemu Fundi Sudi. Alizaa na mwanamke wa Uvira."

Nisamehe. Wewe uliyekuwa unaona haya hata kumpima mwanamke kiuno, ukaniita mimi nikupimie.

Kassimu akadakia, kabla hajaulizwa, kwamba mkubwa amechukua paji lako la uso na kila mtu anaona. Yule mkuu wa mtaa akacheka kidogo. Wale wawili hawakucheka. Mmoja akasema, "Aitwe mjane."

Sikuwa nimemwambia kitu Bi Mariamu. Wallahi, sikuwa nimewaza kufika huko. Alitoka nyumbani kwenu na kanga yake ya eda, mkono bado una unga. Mwanamke huyu, Fundi, ambaye kwenye kila harusi Biryogo alisimama akasema mume wake hajawahi kugeuza shingo. Wakamwambia nilichokisema. Wanawake wa mtaani wote wanamtazama mdomo. Akanitazama mimi, akawatazama watoto, muda mrefu, mpaka nikadhani nimewaua.

Akasema, "Ni kweli. Nilijua zamani. Alipokuwa hai niliwakataa." Akafuta unga kwenye kanga, akamshika mdogo mkono. "Sasa wamebaki kwangu, nitafanyaje?" Akaingia nao ndani, akafunga mlango.

Nilimfuata jioni nimpigie magoti. Alikuwa anawasuka nywele. Hakutaka samahani yangu. Alilia, ndiyo, lakini aliniambia analia kwa sababu huko jikoni kuna jirani ameshampa pole kwa mume mwongo, na ikabidi aipokee.

Basi wako kwenu sasa. Tumewapa majina mapya, mkubwa ni Salama, mdogo ni Amina, na mtandio unawateleza kila dakika. Amina ana maoni mengi kuliko wewe. Niliwapigia kanda, akasema huyu mpiga saksafoni amepoteza funguo zake na anazitafuta chumba hadi chumba. Ungempenda, naapa.

Placide alikuja mara moja, kuchukua koti. Watu walikuwepo dukani. Amina alikuwa chini anaokota vifungo. Akainua uso, akamwona baba yake. Akasema, "Shikamoo, mjomba." Akaendelea kuokota vifungo. Placide akajibu marahaba, akachukua koti, akasahau kulivaa, akatoka nje kwenye mvua amelikumbatia. Tulimfundisha mtoto vizuri, Fundi. Tulimfundisha vizuri mno.

Siwezi kukuandikia habari njema zaidi ya hizo. Askari wa kigeni wa kulinda amani, wale wenye kofia za buluu, wanapita na magari yao meupe, wanatupungia mikono. Redio bado inapiga muziki mzuri.

Ninakuahidi hili. Siku nitakapomrudishia Placide wanawe, nitasimama katikati ya uchochoro, mchana, niwaambie wote kwamba hukuwahi kuwa na mwanamke Uvira wala popote, na Bi Mariamu atapiga vigelegele mpaka wamsikie wa Nyamirambo. Lakini leo, usiku huu na kesho, vumilia wakuseme vibaya. Wakija tena kuuliza, wewe ndiye baba.

Kwaheri, Fundi. Watunze.

Zaina wako