Piano Nzito ya Kanisa la Ukweni

Nje ya Kitale,
Jumatatu jioni

Kwa dada yangu Naliaka,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na Mama na wote hapo Kanduyi. Mguu wa Mama unaendeleaje? Bado anaufunga kitambaa na kwenda shambani kwa siri? Mimi ni mzima, ninakula vizuri, na ninapendwa, Naliaka, ninapendwa mpaka naona haya kukuandikia. Wafula akitoka kwenda kazini hufika langoni, akageuka na kurudi ati amesahau kitu. Hajasahau chochote. Huniangalia tu, kisha huenda zake. Miezi miwili sasa.

Lakini kuna jambo lililonibana, na wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa.

Unakumbuka siku ya harusi Wafula alivyowaambia watu wa kwao kwamba amewaletea mpiga piano. Alisema kwa mapenzi. Wewe unajua nilichokuwa napiga hapo kwetu: kile kinanda kidogo cha umeme, ukikigusa kwa ukucha kinalia. Huku kanisani kuna piano yenyewe, kubwa kama kabati, iliyoachwa na mzungu mmoja aliyeuza shamba lake zamani. Jumapili yangu ya kwanza mchungaji aliniita mbele, akatangaza kwamba siku ya akina mama, wageni wakija, bibi harusi ataipigia kwaya. Mama mkwe akapiga vigelegele. Nikatabasamu, nikakaa, nikabonyeza. Kibao cha kwanza kilishuka nusu na hakikulia. Cha pili kilishuka na hakikurudi juu. Vingine vilikuwa vizito kama kusukuma mlango uliofungwa kwa ndani.

Ningefanya nini? Kukataa ni kumfanya Wafula mwongo mbele ya watu wake. Kuja nyumbani siwezi, maana bibi harusi harudi kwao mpaka apelekwe rasmi, na walishasema ni Krismasi. Kila siku saa nane nilifungiwa kanisani nifanye mazoezi. Mama mkwe alikaa mlangoni akichambua maharagwe ili mtu asinisumbue, nami ndani nabonyeza vibao visivyosema, huku nikiimba kwa mdomo ili asikie kitu.

Sasa sikia ujinga wangu. Nilichukua mafuta ya cherehani ya mama mkwe nikadondoshea kila kibao ubavuni, kama tunavyofanyia bawaba za mlango. Kesho yake hata vile vilivyokuwa vinalia vilikwama.

Nililia. Wafula akanibembeleza, kisha akaenda kumwambia baba yake. Kumbe mzee alimfanyia kazi yule mzungu miaka mingi, na piano hiyo ndiye aliyekuwa akiitunza. Nilifurahi, halafu nikakumbuka desturi. Baba mkwe hanipi mkono, hakai karibu nami, hata benchi nililokalia halikalii. Tungewezaje kutengeneza kitu kimoja?

Tulifanya hivi. Wafula akitoka kazini saa kumi, mzee anaingia kanisani na kigoda chake, mimi nakaa nje chini ya dirisha, Wafula anasimama mlangoni katikati yetu.

“Wafula, muulize bibi yako, ni nani alitia mafuta hapa?”

“Baba anauliza ni nani alitia mafuta,” Wafula akaniambia, kana kwamba mimi ni kiziwi.

“Mwambie ni mimi.”

“Ati ni yeye.”

Nilitamani ardhi inimeze.

“Mwambie mbao na kitambaa huvimba vikinywa. Kwani alidhani hii ni baiskeli?”

Wafula akageuka. “Baba anasema—”

“Si nimesikia, bana.”

Mzee aling'oa vibao kimoja kimoja, akaviandika namba kwa penseli, akavifuta kwa spiriti na kuvianika juani juu ya gunia. Ndani yake kuna vipande vya kitambaa kizito kama blanketi, vinavyokumbatia msumari mdogo. Vipande hivyo alivibana kwa koleo, polepole. Lakini yeye hajui kupiga, kwa hiyo kujaribu ni kazi yangu. Anatoka kwa mlango wa nyuma, mimi naingia kwa wa mbele, nabonyeza, nasema, “Mwambie cha tatu bado,” natoka, anaingia. Siku nne. Jirani mmoja akasimama na mtungi wake. “Mnatengeneza piano ama mnacheza ngoma?”

Mwishowe vyote vikalia, isipokuwa viwili. Lakini bado vilikuwa vizito, nikamtuma Wafula aulize.

“Mwambie imepona,” mzee akajibu. “Uzito uliobaki ni wa kuzaliwa nao. Hii haipigwi na ukucha, inataka mkono wa kusonga ugali.”

Siku hiyo hiyo mama mkwe akanikabidhi mwiko wa sufuria kubwa.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nilipiga polepole kwa sababu vidole havikuweza zaidi, na kwaya ikanisubiri. Palipokuwa na vile vibao viwili bubu, wao walijaza kwa midomo. Wafula alikaa safu ya mbele, akibonyeza magoti yake pamoja nami. Wageni walifuta macho, wakasema hawajasikia wimbo ukiimbwa kwa heshima hivyo.

Nikadhani nimefunguliwa. Mchungaji akasimama akatangaza kwamba kuanzia sasa ni mimi kila Jumapili, na wiki nzima ya Krismasi. Watu wakashangilia. Kwenda kwetu kumesogezwa mpaka Pasaka, na Pasaka nayo ina ibada.

Leo mchana nilienda peke yangu, nikapiga ule wimbo nikimwaza Mama. Nilipomaliza nikasikia mtu akikohoa nje. Ni mzee, amekaa kigodani, mgongo ukutani, na Wafula yuko kazini. Akangoja, kisha akasema, “Wewe ukuta, mwambie arudie.”

Nikarudia. Nilirudia mara tatu, machozi yakinitoka, na hakuna aliyeuliza kitu.

Mweleze Mama wewe, taratibu, akishakula. Msalimie shemeji yangu mumeo, shangazi aliyenifunda, na mwalimu wetu wa kwaya. Huyo mwambie vidole vimeota sugu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nasimiyu, mke wa Wafula