Klachi Tena

Kitengela, Jumanne, Machi 2003

Klachi tena, na juzi tu ilikuwa rejeta. Fundi Mutua alitoka chini ya pikapu akipangusa mikono. "Mzee, hii gari inakula kuliko ng'ombe wa gredi. Uza, upumzike."

Nikamweleza kwamba gari kuukuu hutaka subira. Akacheka: "Mwalimu ni mwalimu tu!"

Sababu yenyewe sikumwambia. Tangu mke wangu afariki, wanaobisha langoni kwangu huja kuomba pikapu, kubeba nyasi au jeneza la kwenda Mashuuru. Huwaambia injini ya dizeli lazima ipate moto kwanza, kisha huwamiminia chai.

Wiki hii pikapu imelala kwa fundi, na hakuna aliyebisha. Kesho nitamwambia aweke klachi mpya.