Usimlete Mama kwa Tairi la Kuchonga

Kitale,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Wafula,

Mulembe. Natumaini u mzima, na mke wako na watoto, na kwamba mahindi yenu hapo Myanga yalisimama tena baada ya ile mvua ya mawe. Sisi huku tuko. Shemeji yako Simiyu anakohoa kwa vumbi la kinu, mimi miguu inavimba kwa kusimama darasani, lakini asubuhi ikifika tunaamka. Usishangae kupata barua kama zile alizokuwa akituandikia Baba. Tangu uondoke hapa nimekupigia simu, na kila nikitaja matairi unakata. Karatasi haikatwi katikati ya sentensi. Nami nakujua: utaisoma yote, hata kama ni kwa hasira.

Huku mambo ni yale yale. Darasa limejaa hadi wengine wanaandikia magotini. Juzi nilisimama kwenye mkutano wa walimu nikasema waziwazi yale ambayo kila mtu alikuwa akinong'ona msalani. Wakanipigia makofi, kisha ilipofika wakati wa kutia sahihi, kila mmoja akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Nimegombana na wakubwa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nimechoka, Wafula. Na katika uchovu huu, sikutegemea kwamba ningegombana na mdogo wangu wa tumbo moja juu ya mpira.

Lakini nitagombana. Alhamisi hii Mama anatolewa mtoto wa jicho hapa Kitale. Nafasi hiyo tumeingoja tangu mavuno, na tukiikosa hatujui ya pili itakuja lini. Mtoto wako mdogo, Mama anamjua kwa kumpapasa kichwa tu. Uso wake hajauona. Nataka Mama afike, na nataka afike mzima. Na wewe unataka kumleta Jumatano kwa gari ambamo mimi nisingepakia hata kuku.

Nikukumbushe asubuhi ile ulipoamkia kwetu. Ulikuwa bado unakunywa chai. Nilitoka nikainama kwenye gurudumu la mbele, nikaingiza sarafu kwenye mfereji wa tairi. Ikazama vizuri. Nikafurahi, nikajisema: kumbe huyu kijana amenunua mapya, na mimi nilikuwa nimeshaandaa hotuba. Kisha nikatafuta vile vituta vidogo vya mpira vinavyokaa ndani ya mfereji. Kila tairi hutoka navyo kiwandani. Mpira ukilika hadi ukalingana navyo, tairi limekwisha, hakuna mjadala. Nikazunguka gurudumu zima kwa kidole. Hakuna kituta hata kimoja. Upande wa ndani, ule usioonekana mtu akisimama, kidole kikagusa waya.

Tairi jipya lisilo na vituta hakuna. Hilo lilikuwa kipara, fundi akachukua kisu cha moto akalichonga mifereji mipya ndani ya kile kimpira kilichobaki. Mifereji ilionekana ya kina kwa sababu ilikuwa imefika mfupani. Nikageukia ubavuni, nikasoma zile tarakimu nne zinazosema wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenyewe lilizaliwa kabla ya kifungua mimba wako, na mpira ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi.

Nilipokuita, ulisema nini? Ulicheka. "Dada, sasa siasa umeleta mpaka kwa tairi? Hii bado iko na maisha, bana."

Nikakwambia, "Tairi ndilo liko na maisha. Mama je?"

Ukasema ati barabarani kila mtu anachonga, na wewe si wa kwanza. Ukaondoka, na kile kibandiko kwenye kioo cha nyuma kikinitangazia kwamba safari yako imefunikwa kwa damu ya Mwokozi.

Mimi ni Mkristo kama wewe, na ndiyo maana linaniuma. Tumelifanya jina la Mungu kuwa spea. Mtu anaendesha tairi kipara kwenye mvua, linapasuka, tunakusanyika chini ya turubai, na mhubiri anatuambia kazi ya Mungu haina makosa. Haina, kweli. Kazi ya fundi mwenye kisu ndiyo ina makosa, na ya anayemlipa, na ya yule afisa anayechungulia leseni bila kuinamisha shingo aone gurudumu. Nimehudhuria mazishi mengi ya namna hiyo, na sijasikia hata mara moja tairi likitajwa kwenye wasifu wa marehemu.

Najua utajibu: basi mumeo amlete, si gari lake lina matairi mapya? Ungekuwa mgeni ningekueleza. Wewe ni Mbukusu, unajua vizuri kama mimi kwamba mkwe hambebi mama mkwe. Nilijaribu hata hivyo. Nilimwuliza Mama kama angekubali dereva mwingine aliendeshe. Akakataa. Alisema hata likiendeshwa na askofu, kiti ni cha mkwe, na yeye hakalii kiti cha mkwe. Gari la abiria nalo nyonga yake hailiwezi. Kwa hiyo kuna gari lenye matairi ambalo Mama hawezi kulipanda, na gari analoweza kulipanda ambalo halina matairi. Nilikaa jikoni nikalia, na unajua mimi si mtu wa kulia.

Simiyu alinikuta hapo. Akasikiliza, akakohoa, akasema, "Nekesa, mimi ndiye niliyeoa kwenu. Matairi yangu hayakuoa."

Nilimpigia Mama papo hapo. Aliniambia nirudie maneno hayo ya Simiyu. Kisha akasema, "Kiti nakikalia mimi. Tairi linakalia barabara. Mwambie alete, na mwambie asante."

Basi dereva wa lori la mahindi aliyekuletea barua hii amebeba pia magurudumu manne, matairi yakiwa kwenye rimu zake. Gari lako na la Simiyu ni aina moja. Nimelinganisha saizi ubavuni mwa tairi na matundu ya nati. La Simiyu sasa limesimama juu ya matofali uani, na mwenyewe anaenda kinuni kwa baiskeli, akikohoa. Usiniaibishe. Yafunge mwenyewe kwa jeki, huhitaji fundi. Ukifika Bungoma mjini simama ukaze nati tena na upime upepo, kisha uje polepole, hasa mteremko wa Kamukuywa kukiwa na mvua.

Yale ya kuchonga usimwuzie mtu. Yeye pia ana mama. Mpe fundi wa viatu vya akala, ayakate. Miguuni yatadumu miaka.

Nisalimie mke wako, umwambie sijasahau ile mbegu ya kunde. Msalimie shangazi yetu mwenye kifua, na mjomba katekista, umsomee ule ukurasa wa mhubiri kama una ujasiri. Watoto waambie Mama akirudi atawaona wote, kwa hiyo waoge.

Jumatano nitakuwa langoni. Usikasirike nikiinama kwenye magurudumu kabla sijakupa mkono. Simiyu atahamia kwa kaka yake hadi Mama arudi nyumbani. Na umwambie Mama asiwe na wasiwasi: kiti atakachokalia hapa kwangu nimekinunua mwenyewe.

Ni mimi dada yako, bado mgomvi,

Nekesa