Mkono wa Kulia Haukuwa Wake

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu za upendo, sisi hapa nyumbani hatujambo kwa kusema tu, baba watoto hajambo ila mguu wake bado una kidonda na haukanyagi, mama mkwe hajambo ila masikio ndiyo yamekwisha, ukimwomba maji anakuletea chumvi, mapacha wangu wa mwisho hawajambo wako shule, mkwe wangu fundi wa kuchomelea hajambo, na mwanangu wa kwanza, ambaye tangu mdogo tunamwita Kifungua, huyo ndiye sijui niseme hajambo au niseme nini, na ndiyo maana nimeshika kalamu leo Alhamisi naomba msaada wako, usinicheke mwandiko, niliishia darasa la nne.

Mimi nafua mashuka hospitalini, huu mwaka wa kumi na tisa, na Kifungua ni mhudumu wa wodi hapohapo, anadeki, anamwaga mabeseni, anageuza wagonjwa. Chanjo ya korona ilipokuja tuliambiwa wafanyakazi wote tuchanjwe, yeye akagoma, kwa sababu mimba mbili zilikuwa zimemtoka na wenzake wakamjaza maneno kwamba sindano ile inafunga kizazi, akaja akanilalia mapajani, mtu mzima na ndoa yake, akasema mama, nikichanjwa sizai tena, na msimamizi naye ameshatangaza kwamba asiye na kadi ya chanjo asikanyage wodini. Ningefanyaje, mshauri? Mimi nilikuwa nimeshamaliza dozi zangu. Nikavaa barakoa, nikafunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, nikaenda na kadi yake, wachanjaji walikuwa wageni na mfua mashuka nani anamtazama usoni, nikachanjwa tena kwa jina lake, dozi ya kwanza na ya pili, homa ikanilaza siku tatu lakini moyo ukatulia.

Nilidhani yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza mkoko unaalika maua. Akaja daktari mtafiti, kijana mpole mwenye miwani, anataka damu za wafanyakazi waliochanjwa, mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita baada ya chanjo, aone kingamwili, yaani wale askari wa mwilini wanaoletwa na chanjo, wanakaa muda gani kabla hawajapungua. Majina yetu yote mawili yakatoka. Basi nikawa natoa damu mara mbili, asubuhi mkono wa kushoto kwa jina langu, mchana nabadili kitambaa natoa mkono wa kulia kwa jina la mwanangu, maana anayetutoa damu asubuhi siye wa mchana.

Majibu yalipotoka namba zetu zilifanana kama nyayo za mtu mmoja, na zote za juu kuliko za manesi na za madaktari, maana mwili mmoja ulikuwa umebeba dozi nne. Daktari akafurahi, akasema, “Mama, kinga yenu hii ni ya ukoo! Lazima niiandike.” Nikacheka naye, meno tu. Msimamizi wa wodi alipoona ile karatasi akamwambia Kifungua, “Wewe una kinga ya chuma, wenzako wana ya karatasi, hamia wodi ya korona.” Akahamia. Mwezi wa sita namba zikashuka zote mbili pamoja, zaidi ya nusu, lakini hakuna aliyekumbuka kumtoa kule.

Na sasa ana mimba ya miezi mitano, mshauri. Hii imekaa.

Nilimwambia mwanangu, twende tukaseme. Akanijibu, “Mama, kinga yako si ndiyo yangu? Si nilikaa tumboni mwako?” Nikamwambia, tumboni ulishatoka siku nyingi. Akasema, “Ukifungua mdomo tunafukuzwa wote wawili, na mume wangu atajua nimemdanganya, anaamini nilichanjwa.” Jumapili homa ikampanda. Jana alikohoa mpaka akashika ukuta, na msimamizi akamwambia, “Wewe? Hayo ni mafua tu ya mimba, namba zako nimeziona kwa macho yangu,” akampa vidonge viwili, akarudi na ndoo yake.

Nikisema, nyumba hii yote inakaa na njaa, maana baba watoto hafanyi kazi. Nikinyamaza, mashuka ya wodi ile yakija kufuliwa nayatazama moja moja, naogopa siku yatakapokuja yale aliyolalia yeye. Nifanye nini? Nijibu upesi kwenye gazeti la Jumatano, usinipigie, simu anaishika baba watoto. Upesi, mshauri wangu, nakuomba.

Ni mimi, Mama Kifungua wa chumba cha kufulia.

*

Mama Kifungua,

Marahaba, na mwandiko wako unasomeka. Nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Sitakuambia hukumpenda mwanao. Ulimpenda kupita kiasi mpaka ukamnyang’anya ngao ukaivaa wewe. Kinga haiazimwi kama sufuria, mama. Askari uliowapata kwa sindano zile nne wako ndani yako wewe, na hata hao wanapungua, umeiona namba ilivyoshuka. Kifungua hana hata mmoja wa chanjo. Anadeki wodi ile kifua wazi, na tumboni kuna mtu wa pili. Na hao waliomtisha na kizazi walimdanganya. Chanjo ile haifungi kizazi. Ungemshika mkono ukampeleka kwa mkunga akaulizie, tusingefika hapa.

Msimamizi wenu naye ana lake. Mjamzito mwenye homa na kikohozi harudishwi kazini, hata namba yake ingekuwa ya dhahabu. Lakini wewe ndiwe uliyempa karatasi ya kujizibia macho, na kila daktari atakayefungua faili la mwanao atajizibia macho kwa hiyohiyo. Atatibu namba. Mgonjwa atabaki bila kutibiwa.

Hilo la kufukuzwa siwezi kukuapia kwamba halitatokea. Huenda mkafukuzwa. Njaa ina majirani, ina ndugu, ina kufua nguo za watu. Kaburi halina.

Kwa hiyo sikiliza. Usianze kwa msimamizi, nenda kwa yule daktari mwenye miwani. Chukua kadi zote mbili, mwekee mezani, umwambie: mkono wa kulia haukuwa wa mwanangu, ulikuwa wangu, na chanjo zake nilichanjwa mimi. Usipambe. Mwambie pia afute hiyo “kinga ya ukoo” kabla hajaiandika, maana wapo wafanyakazi wengine watakaopangiwa wodi kwa hesabu yenye uongo wako ndani yake. Kisha Kifungua apimwe korona leo, apimwe na pumzi, mtoto asikilizwe. Akikataa, mwite mumewe. Afadhali akasirike akiwa na mke.

Na hili linaniuma. Umeandika Alhamisi, barua imenifikia Jumatatu jioni, gazeti linatoka leo Jumatano. Hukuniachia namba wala jina la hospitali. Nimepiga simu hospitali tatu nikiulizia mfua mashuka mwenye binti wodini, nikaambiwa wako wengi. Siku sita, mama, umekaa hatua chache kutoka mlango wa daktari ukimsubiri mtu wa gazeti.

Ukiwa umesoma mpaka hapa na hujasimama, simama. Mashuka yaache kwenye maji.

Uliniomba nikujibu upesi. Sasa ni mimi ninayekuomba: niletee neno upesi, hata mstari mmoja, hata kama ni baya.