Magome ya Rosalie

Ziwa la Mawe, Saskatchewan
Aprili 4, 2024

Dada Rosalie,

Salamu nyingi. Kifua kinakuacha ulale huko Winnipeg? Huku barafu ya ziwa imeanza kupasuka. Mimi figo zimegoma, na daktari hakunificha: kiangazi hiki sitakimaliza. Kwa hiyo niseme.

Mwaka 1964, ukiwa umelazwa kwa kifua kikuu, alikuja mama mmoja wa makumbusho akimtafuta anayechora maua kwa kung'ata gome la mti. Nikamletea magome yako kumi na mawili. Akauliza, "Ni yako?" Nikasema ndiyo. Jina langu likaingia katika kitabu cha makumbusho, na kwa jina hilo nikapata chuo cha ualimu. Ulipotoka hospitali ulikifungua kitabu, ukakirudisha mezani, ukapanda basi. Tangu hapo ni kadi za Krismasi tu.

Sasa vijana wetu wana kikundi cha sanaa kwenye lile banda la samaki. Wanachuna magome, wanalainisha ngozi, wanashona kwa mizizi. Wananiomba niwafundishe kung'ata, nami nasingizia meno ya bandia. Mlangoni wameandika jina langu. Anayejua kazi hii ni wewe peke yako. Gome huachia mti mwezi wa sita. Njoo uwaoneshe. Njoo nikuone.

Mdogo wako,
Philomène


Winnipeg
Mei 21

Philomène,

Kifua hakijambo. Meno pia ninayo yote. Barua yako nimeilaza chini ya redio wiki sita.

Mwalimu mzima! Nimesoma mara tatu, nimekuta figo, nimekuta chuo, samahani sijaiona. Unadhani nililia jina? Miezi kumi na minane nililala kule, nikijiambia angalau magome yangu yako kwa mdogo wangu, anayatunza. Hapa mjini kuna mti mmoja wa gome jeupe kwenye bustani. Naupapasa kama mwizi, watu wananitazama.

Waambie vijana kwanza, kwa mdomo wako. Kisha niandikie.

Dada yako,
Rosalie


Ziwa la Mawe
Juni 1

Dada,

Samahani. Leo salamu zisubiri.

Jana niliwaambia, chai ikiwa mezani. Kisha Charmaine, kiongozi wao, akasema, "Yaani, Bibi, miaka mitatu unayasingizia meno yasiyo na kosa!" Wakacheka. Mmoja wao, Delphine, hakucheka. Aliondoka, mlango akaubamiza. Ana haki yake.

Jina langu wamelifuta. Charmaine atakufuata kwa gari tarehe kumi na mbili. "Mwambie asitafune kitu kigumu njiani," kasema, "hayo meno ni ya kijiji."

Napumzika kila baada ya mstari. Njoo.

Mdogo wako,
Philomène


Ziwa la Mawe
Juni 17

Mdogo wangu,

Hali sikuulizi. Ulikata roho tukiwa njiani, mimi nikimsumbua Charmaine aongeze mwendo. Nilikukuta umelazwa bandani, watu wamekuzunguka. Umekuwa mdogo, kama nilivyokuacha. Jana tumekuzika.

Leo nimefundisha. Gome unalichambua hadi liwe jembamba kama karatasi ya sigara, unalikunja, unalitia kinywani, na chonge linachora mahali ambapo jicho halifiki. Hujui umefanya nini mpaka ulikunjue. Delphine amerudi. Alikaa nyuma, amenuna, lakini ndiye mwenye kipaji.

"Bibi yule mwongo angefurahi," akaniambia.

"Mwongo ni wangu," nikamjibu. "Wewe ng'ata."

Jioni Charmaine akanipa sanduku walilolikuta chini ya kitanda chako. Magome, Philomène. Mamia! Ya zamani yana alama za meno yako mwenyewe, ya karibuni yana alama za yale ya bandia. Yametoboka, yamechanika, ua halikutokea hata kwenye moja. Miaka sitini unajaribu, wala hukuthubutu kuniuliza.

Ulikuwa unakunja kinyume na nyuzi za gome. Hilo tu. Ningekuonesha kwa dakika tano.

Dada yako,
Rosalie