Kuhusu Kuja Kwako Kujifungulia Ubaruku

Ubaruku, Mbarali

Dada Agripina,

Shikamoo. Tumbo linaendeleaje? Kama miguu bado inavimba waambie kliniki wakupime presha, usiwafiche kama kawaida yako. Mimi mzima, ila joto la huku linanitesa mpaka naikumbuka baridi ya Igowole. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu Mama lazima aweke spika, na haya si ya majirani.

Umesema unataka nikuzalishe mwenyewe. Ngoja nikueleze kwanza.

Wiki iliyopita kituoni kwetu alikuja mama mwenye uchungu, kibarua wa kuvuna mpunga. Nilipomsalimia akaitikia, "Kamwene." Kumbe wa kwetu Mufindi! Moyo ukanilainika. Tukaongea Kihehe tu, nikasahau kwamba yule ni mgonjwa. Mama Zuhura, muuguzi mwenzangu, akatazama chati ya uchungu akasema, "Eliza, huyu njia haifunguki. Aende hospitali ya wilaya." Yule mama akanishika mkono: "Mdogo wangu, usiwaache wakanipasue." Nami nikasema tusubiri. Chati niliiona, Dada, na kuisoma naijua, bado nikasema tusubiri. Mama Zuhura hakunisikiliza, akaita gari. Alipasuliwa, yeye na mtoto wazima, namshukuru Mungu.

Kesho yake akaja mwingine, Msangu, mwenyeji wa huku huku, mwenye afya zake, mambo yote yanakwenda sawa. Nikaingiwa na woga, nikampakia kwenye gari haraka haraka. Akajifungua njiani, hata lami hawajaifikia. Mumewe amempa mtoto jina la Safari, na mimi kaniletea kuku wa shukrani! Nilimpokea yule kuku sijui nicheke au nilie.

Sasa sijielewi. Kwa yule wa kwanza niliongozwa na huruma, kwa wa pili na woga, na elimu yangu ilikuwa wapi? Mama Zuhura anasema nimechoka tu, nipumzike. Labda. Wodi imejaa na tuko wawili. Lakini uchovu ninao siku zote, mbona wengine wanajifungua salama? Au imekuwa bahati yao? Nikianza kuwaza hivyo kichwa kinauma.

Halafu wewe. Wewe uliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, ukiniita kwa maumivu, nitaangalia chati au uso wako? Siwezi kukuahidi. Jifungulie hospitali huko huko, kwa mtu ambaye kwake wewe ni mgonjwa tu. Najua utaninunia.

Msalimie Mama, asiruke dawa zake. Msalimie shemeji, mumeo, aache kukubebesha ndoo. Na Bibi mzaa mama, mwambie koti alilonifumia nalihifadhi, huku halivaliki.

Chandarua cha kitanda chako nimeshakifunga, hata sijui kwa nini. Usije, Dada. Kwa ninavyokupenda, sifai kukuzalisha.

Mdogo wako,
Eliza